Mrututu: Neno, Biashara na Elimu Katika Bonde la Ruvu

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yahusuyo dawa na madini, mrututu ni neno ambalo wengi wamelisahau. Maana yake ni chumvi ya shaba, yenye rangi ya buluu iliyokoza, ambayo wazee waliitumia kuchomea vidonda sugu. Neno hilo limo katika kamusi iliyotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939. Historia yake haitengeki na historia ya shaba, na kwa jambo hili nchi ya Korogwe na Handeni ni mfano mwema.

Kabla ya utawala wa Wajerumani, misafara iliyotoka Pangani ilifuata bonde la mto Ruvu, ikapita nchi ya Wazigua na kando ya milima ya Usambara, ikielekea Kilimanjaro na Umasaini. Bidhaa zake zilikuwa nguo, ushanga, na nyaya za chuma na za shaba. Nyaya nene ziliitwa masango. Zile nyembamba za kutengenezea vikuku ziliitwa udodi. Hivyo shaba iliingia bara ikiwa pambo na fedha kwa pamoja.

Jina la shaba lina asili ya Kiarabu, bali mrututu ulipita njia nyingine. Wagujarati, ambao wafanyabiashara wao walikaa katika miji ya mwambao, huiita chumvi hiyo morthuthu, na mor kwao ni tausi. Hilo ndilo neno lililo karibu kabisa na letu. Yaelekea Waswahili waliipokea silabi ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha ngeli ya mti; neno likapata upatanisho wake, na tausi akatoweka.

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na misafara ya miguu ikapoteza kazi yake bondeni. Lakini wakati biashara ya zamani ikififia, elimu mpya ya fuwele ilikuwa karibu kuzaliwa Ulaya. Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue aliwaza kwamba safu za atomu katika fuwele zingeweza kuitawanya miali ya eksirei kwa mpango maalumu. Walter Friedrich na Paul Knipping walipolijaribu wazo hilo, fuwele yao ya kwanza ilikuwa ya mrututu.

Mwaka 1934 Beevers na Lipson waliudhihirisha muundo wake. Kila atomu ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, mfano wa watu wanne walioketi kwenye pembe za mkeka. Juu na chini yake, kwa umbali uliozidi kidogo, zipo oksijeni mbili za salfeti. Molekuli ya tano ya maji haikushikamana na shaba. Hukaa kati ya majirani na kuwafunga pamoja kwa vifungo vya hidrojeni. Rangi yategemea ujirani huo. Mrututu ukipashwa moto hata maji yote yakatoka, hubaki unga mweupe. Ukitiwa maji tena, buluu hurejea.

Jaribio hilo ni la kawaida katika masomo ya kemia ya sekondari, ambayo nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Korogwe au Handeni hujifunza jina geni la kitu ambacho Kiswahili kilikwisha kukipa jina. Wanaodai kuwa lugha hii haina msamiati wa sayansi hawana budi kulitazama neno hili. Hata hivyo, haifai kulitukuza kupita kiasi: mrututu hutaja kitu, hauelezi muundo wake. Kwa muundo yahitajiwa maneno kama fuwele, molekuli na kifungo. Mengine yamo katika lugha, mengine yamekopwa, kama mrututu wenyewe ulivyokopwa. Kukopa hakujapata kuwa aibu ya Kiswahili. Aibu ni kukopa mara ya pili kwa sababu deni la kwanza limesahauliwa.