Tambuu na popoo: tafuno lililoacha maneno

Siku hizi uraibu hutajwa pamoja na bangi na pombe. Lakini tukifungua kamusi za zamani za Kiswahili, tunakuta kuwa uraibu ni vitu vya kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa, katu na pengine tumbaku, vyote vikiwekwa katika kijaluba. Maana hiyo yatupeleka Asia ya Kusini-Mashariki, inakodhaniwa kuwa ndiko asili ya mpopoo.

Kwa Wamalay popoo ni pinang, na kitenzi meminang, kilichotokana nalo, maana yake ni kuposa. Kisiwa cha Penang nacho kilipata jina humo. Vietnam vilevile, popoo na majani ya tambuu hupelekwa kwa wazazi wa binti, na mgeni wa zamani hakuanza mazungumzo kabla ya kukaribishwa tafuno. Wageni wengi kutoka Ulaya walidhani meno meusi ya Wavietnam yaliletwa na tambuu. Kumbe yalitiwa rangi makusudi, kwani ulikuwa urembo.

Siri imo katika chokaa. Ndiyo inayoipa nguvu arekolini iliyomo ndani ya popoo: mate huwa mekundu, mwili hupata joto na uchovu hupungua. Huko Papua New Guinea popoo huitwa buai, na badala ya jani wengi huchovya tunda refu la mtambuu katika unga wa chokaa ya kome au matumbawe.

Mila hii ilivuka bahari mapema. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, sultani alimpelekea sinia ya tambuu na popoo. Heshima ile ile ya Asia, katika pwani yetu!

Hata hivyo, hatuwezi kuisifu tu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha popoo, hata isipotiwa tumbaku, miongoni mwa visababishi vya saratani. Mwaka 2013 jiji la Port Moresby lilipiga marufuku kuiuza na kuitafuna hadharani, kwa ajili ya afya na mate mekundu barabarani. Wachuuzi, wengi wao wanawake, walipoteza riziki, na baadaye amri ikalegezwa.

Vietnam hawakuhitaji amri. Vijana wa Hanoi wameacha kutafuna wenyewe, ila siku ya posa sinia ya popoo na tambuu bado hutangulia mlangoni.