Kivuli cha Njia Kuu

Katika karne ya 19 nyika ya upande wa Manyoni na Itigi iliitwa Mgunda Mkali. Wapagazi wa misafara baina ya Bagamoyo na Tabora waliihofia kwa kiu na vichaka vyake. Burton aliipita mwaka 1857, naye Stanley mwaka 1871. Njia ile haikuwa na mhandisi wa kuipamba, lakini ilikuwa na alama zake: kisima kilijulikana, jabali lilipewa jina, na Jiwe la Mkoa likawa kituo. Kwingineko njiani miembe ilipandwa, ikatoa kivuli na chakula. Hivyo pambo la njia lilizaliwa na haja ya msafiri.

Mwaka 1974 wananchi wengi wa Singida walihamia vijijini, na nyumba nyingi zikapangwa kando ya barabara. Kisha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikapanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Miti iliyokuwa nje ya mpaka ikajikuta ndani.

Hatuupingi upana wa barabara. Gari laenda kasi, nalo lahitaji nafasi. Twasema tu kwamba lami bila kivuli ni Mgunda Mkali mpya kwa mtembea kwa miguu. Basi tupande ng’ambo ya mpaka, na majabali yetu tuyaache yasimame. Mchumia juani hulia kivulini. Lakini kivuli chenyewe hakina budi kupandwa kwanza.