Waliosoma Kabla ya Kuhesabiwa

Katika mijadala ya elimu ya watu wazima hurudiwa dai kwamba kujifunza ukubwani ni zao la nchi za viwanda, nasi tumelipokea kama msaada. Ushahidi wake unajulikana. Denmark ilifungua chuo cha kwanza cha wananchi Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868. Na mwaka 1975 Tanzania, ikisaidiwa na Sweden, ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vikiwemo vya Chilala na Kilwa Masoko mkoani Lindi. Shirika la OECD lilipopima stadi za watu wazima mwaka 2011 na 2012, zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima wa Denmark, Finland, Norway na Sweden walikuwa wamepata mafunzo ndani ya mwaka mmoja. Italia haikufika asilimia 30.

Takwimu hizo sizikatai. Lakini zinahesabu kozi, semina na mafunzo ya kazini. Aliyesomea barazani au msikitini hazimwoni, na kwa kipimo hicho historia ya Lindi na Kilwa hufutika.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu tangu mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao katika nyanda za Makonde, alimjibu Wissmann, kamishna wa Kijerumani, kwa barua ya Kiswahili akikataa kwenda kumsujudia.

Ushahidi mzito zaidi ni Barua ya Makka. Mwaka 1908, vita vya Maji Maji vikiwa vimezimwa juzi tu, maofisa wa Kijerumani mjini Lindi walishtushwa na karatasi iliyosomwa misikitini. Ilisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume mjini Madina: Kiyama kimekaribia, watu watubu. Aliyeipata alihimizwa kuinakili na kuisambaza. Maofisa waliona uchochezi. Wapo pia waliotaja mkono wa Rumaliza, yaani Mohamed bin Khalfan al-Barwani, aliyekuwa Zanzibar. Tafsiri zote mbili zinatafuta mchochezi wa mbali na kumfanya mwanakijiji chombo tu. Namwamini zaidi mwanahistoria Felicitas Becker, ambaye kitabu chake cha mwaka 2008 kinaonyesha kuwa Uislamu wa vijijini kusini-mashariki ulijengwa na wanavijiji wenyewe.

Mjerumani aliuliza nani aliyeituma barua. Swali lenye faida ni nani aliyeinakili. Ilihitaji wenye kalamu na wino, ilihitaji wasomaji, na walimu wa kueleza Kiarabu kwa Kiswahili. Tena wengi wa walioingia katika dini miaka ile walikuwa watu wazima. Walijifunza sala, saumu, mazishi na zikri wakiwa tayari na wake, waume na mashamba. Katika vijiji vya bara ya Lindi, upande wa Milola, kizazi kizima kilisoma ukubwani bila daftari la mahudhurio.

Kazi ya miaka ya 1970 naiheshimu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ya afya ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, ilifikia watu wapatao milioni mbili. Na wasiojua kusoma, waliokuwa kama theluthi mbili ya watu wazima wakati wa sensa ya 1967, walishuka chini ya asilimia 10 katika majaribio ya mwaka 1986. Hata hivyo vitabu vya kampeni vilikuwa vya herufi za Kilatini. Mzee aliyeandika barua zake kwa herufi za Kiarabu aliweza kuketishwa na wasiojua kusoma, elimu yake ikahesabiwa si kitu.

Dhuluma hiyo bado inaweza kurekebishwa. Vyuo vya Chilala na Kilwa Masoko vifundishe kusoma hati za herufi za Kiarabu, na wenye karatasi za mababu waombwe zinakiliwe kabla mchwa hawajazimaliza. Tukilinganishwa na Sweden baada ya hapo, tulinganishwe na hesabu yetu ikiwa kamili.