Ahadi ya Karatasi

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Ni nadra usemi huo kudhihirika kama ulivyodhihirika katika noti zilizochapwa Dar es Salaam mwaka 1915, wakati manowari za Waingereza zilipoifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Kabla ya vita, noti za Deutsch-Ostafrikanische Bank zilichapwa Ujerumani. Noti ya rupia 5 ya mwaka 1905 ilipambwa kwa simba, na ya rupia 10 kwa bandari ya Dar es Salaam. Bahari ilipofungwa, noti mpya hazikufika, na sarafu za fedha zikaadimika. Ndipo noti zikachapwa papa hapa mjini, za awali zikiwa na tarehe 15 Machi 1915.

Mtu wa Kinondoni au Temeke akiikuta leo noti ya namna hiyo katika kasha la marehemu babu yake, asitafute simba wala bandari. Atafute maneno Interims-Banknote, yaani noti ya muda. Kisha aangalie tarehe, namba na sahihi. Karatasi zikitofautiana rangi na unene, asidhani ni bandia, kwani wachapaji walitumia waliyoyapata. Noti za mwisho, za mwaka 1917, zilipigwa porini kwa herufi za mpira, jeshi likirudi nyuma kusini mwa nchi. Dar es Salaam ilikwisha kutekwa Septemba 1916.

Mwaka huohuo wa 1916, Tabora ilitoa sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu haimhitaji mdhamini. Karatasi humtegemea aliyeahidi. Mkulima aliyeuza nafaka na kupokea karatasi alibaki na ahadi, na mwenye kuahidi amekwenda zake. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliosalia. Deni la askari lilikumbukwa. La mkulima lilibaki kashani.

Basi mkusanyaji asiulize bei pekee, bali aulize pia noti ilipokewa kwa jasho gani. Dola ile imetoweka, na rupia yake haitumiki. Lakini heller, sehemu ya mia ya rupia hiyo tangu 1904, ingali vinywani mwetu kila siku: ndiyo hela.