Ruzuku Huisha, Jalada Hubaki: Karne Moja ya Fedha za Utafiti hadi Mlimani

Historia ya fedha za utafiti nchini Tanzania huandikwa kwa majina ya waliozitoa na ya maprofesa waliozitumia. Katikati yao wamo watu wasiotajwa: karani wa masijala, katibu muhtasi, mhasibu wa mradi, ofisa ruzuku, msaidizi wa utafiti anayezunguka na madodoso. Hao ndio huamua kama fedha itageuka kuwa maarifa ya nchi au itaishia kwenye hesabu za mfadhili. Kazi yao inaonekana vizuri Ubungo, kwa kuwa ndani ya wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, ndipo ilipo Mlimani, makao ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kutoa mali kwa manufaa ya wengi ni desturi ya kale katika pwani yetu. Mwenye shamba la minazi au nyumba ya kupangisha aliiweka wakfu, pato lake likahudumia msikiti, madrasa, kisima na maskini. Mali ilikabidhiwa msimamizi. Yeye ndiye aliyekusanya kodi, akaziba paa linalovuja na kumlipa mwalimu. Huko Zanzibar, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali chini ya Waingereza iliunda tume ya wakfu, na kazi iliyokuwa ya familia ikahamia ofisini kwenye madaftari na makarani. Palipokuwa na hati, haki ya maskini ilikuwa na pa kushikia. Palipokosekana hati, warithi waligombana.

Mifuko ya hisani ya Marekani ilifika kwa njia nyingine. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko ulioanzishwa mwaka 1911, ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, kuchunguza elimu ya Waafrika. Miongoni mwa wajumbe alikuwemo James Aggrey, msomi wa Gold Coast. Tume iliacha ripoti, na ripoti hiyo ikawa hoja kubwa katika mijadala ya elimu ya makoloni ya Uingereza. Tangu siku hizo imejulikana kwamba mfuko wa fedha unaweza kuelekeza sera za nchi kwa karatasi, na kwamba anayekusanya na kupanga yaliyomo kwenye karatasi hizo ana nguvu kubwa kuliko cheo chake.

Chuo chetu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mifuko ya Rockefeller na Ford ilisaidia kulipia walimu na kuwasomesha vijana waliokuja kushika nafasi zao. Ofisi ya utafiti wa uchumi ilifunguliwa mwaka 1965, na ile ya rasilimali na matumizi ya ardhi mwaka 1967. Kila ofisi mpya ilihitaji wapiga chapa, madereva, wachora ramani na watunza maktaba.

Mifano miwili ya wakati huo ina uzito wa pekee. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walitumwa kusini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walikaa barazani, wakasikiliza, wakaandika. Maandishi yao yalipigwa chapa na kukusanywa mwaka 1969, na mpaka leo wanahistoria wa vita hivyo huyarejea. Wazee wale wote wametangulia mbele ya haki. Lau karatasi zile zingeachwa kwenye mikoba ya wanafunzi, sauti zao zingekwenda nazo. Mfano wa pili ni uchunguzi wa lugha uliofadhiliwa na Ford katika nchi tano za Afrika ya Mashariki. Kazi ya Tanzania ilifanyika mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini kitabu chake kilitoka mwaka 1980, tena kwa Kiingereza. Kwa miaka yote hiyo matokeo yalitegemea uangalifu wa waliotunza majedwali.

Dola nayo ilitaka kushika usukani. Sheria ya 1968 iliunda baraza la taifa la utafiti, UTAFITI, na mwaka 1986 ikaja sheria ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, yenye makao Kijitonyama, ambako mtafiti hufuata kibali na ambako taifa lina mfuko wake wa sayansi. Miaka hiyo ya 1980 ilikuwa migumu: mishahara ilipoteza thamani, karatasi ziliadimika, na wasomi wengi wakakimbilia kazi za ushauri kwa wafadhili. Katika muongo uliofuata taasisi ya utafiti ya REPOA ilianza kutoa ruzuku kwa watafiti wa umaskini, na mwaka 2002 ikaundwa Foundation for Civil Society kuhudumia asasi za wananchi. Kuanzia 2000 hadi 2010 mifuko ya Marekani, ikiwemo Carnegie, Ford, Rockefeller na MacArthur, iliungana kusaidia vyuo vikuu vya Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza.

Tuitazame ruzuku moja kwa karibu. Andiko linapokelewa, linapewa namba na kufunguliwa jalada. Dokezo linapanda kwa mkuu na kushuka na maagizo. Mkataba unasainiwa, awamu ya kwanza inaingia benki. Msaidizi wa utafiti anachukua masurufu, anapanda daladala hadi Kibamba au Goba, anagonga hodi nyumba kwa nyumba. Akirudi ana madodoso, stakabadhi na orodha ya posho yenye saini, naye mhasibu hafungi hesabu mpaka kila shilingi ipate karatasi yake. Saini moja ikikosekana, mkaguzi atauliza, na awamu ya pili itakwama.

Watu hawa wengi huajiriwa kwa mkataba wa mradi. Mradi ukifungwa wanaondoka, na siku hizi takwimu hubaki kwenye mitambo ya mfadhili ng'ambo, wakati mwananchi wa Goba aliyejibu maswali haambiwi kilichopatikana. Huo ni upotevu tunaoweza kuuzuia. Tangu mwaka 2018 Mlimani ina maktaba mpya kubwa, kwa hiyo mahali pa kuhifadhi papo. Kila mkataba wa ruzuku uwe na fungu la mshahara wa mtunza kumbukumbu, na awamu ya mwisho isitolewe mpaka takwimu zikabidhiwe maktaba ya hapa nchini, pamoja na muhtasari wa Kiswahili uliosomwa mbele ya mtaa zilikotoka takwimu hizo.