Kutoka Barua hadi Mlisho: Habari za Kazi za Pamoja Kaskazini mwa Cabo Delgado

Mlisho wa habari unaompangia kila mshirika wa mradi yale yanayomhusu huonekana kuwa zao la intaneti. Haja unayoitimiza, hata hivyo, ni kongwe kuliko chombo chenyewe. Historia ya kaskazini mwa Cabo Delgado, kilipo kijiji cha Nhica do Rovuma wilayani Palma, inabainisha hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni barua. Katika karne ya 19, masultani na mashehe wa pwani hiyo waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Barua kadhaa zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo. Mwandishi ndiye aliyeamua lipi limfikie mpokeaji. Hatua ya pili ni redio. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, ilitangaza kupitia Radio Tanzania: wote walisikia jambo lile lile.

Hatua ya tatu ilidhihirika baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, wakazi walipokimbilia Nangade, Mueda na Pemba. Mashirika ya misaada yalifuatiliana kwa majedwali ya nani anafanya nini na wapi, na kwa ReliefWeb, huduma ya Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 1996, ambamo msomaji huchuja taarifa kwa nchi, mada au taasisi na huweza kupokea mapya ya nchi kwa barua pepe. Sasa mpokeaji ndiye mchaguzi.

Faida yake ni dhahiri: afisa wa maji hazami katika taarifa za chakula. Hata hivyo, mtu huchagua kwa vigezo alivyowekewa, na taarifa za Kiingereza au Kireno haziwafikii kwa urahisi wasemaji wa Kimakonde, Kimwani, Kimakwe na Kiswahili. Barua ya kale, pamoja na upendeleo wake, iliandikwa na mtu wa pwani kwa lugha aliyoimiliki. Katika mlisho wa leo, mkazi wa Nhica do Rovuma ni habari. Si mwandishi wala mpokeaji.

Kwa hiyo, watunga sera wanaosimamia urejeshaji wa makazi wana wajibu wa kulihesabu baraza la kijiji miongoni mwa wapokeaji: lipewe taarifa za eneo lake, kwa lugha zake, pamoja na njia ya kujibu.