Ukumbi wa Kaloleni na Aprili ya 1950

Mjadala wa kubomoa mitaa mikongwe ya Eastlands, Nairobi, ili kupisha maghorofa hauishi, na kila unapozuka wenyeji wa Kaloleni huuliza, kwa haki kabisa, watahamia wapi. Mimi naulizia pia ukumbi wao wa jamii.

Mtaa huu wa nyumba za mawe na vigae vyekundu ulijengwa miaka ya 1940, wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakifanya kibarua, ili mfanyakazi Mwafrika aishi mjini na familia yake. Wakati huo walowezi wa Kizungu walikuwa na ugomvi wao wa muda mrefu na London. Mwaka 1923 walikuwa wamekula njama ya kumteka gavana, kwa hofu kwamba Wahindi wangepewa haki sawa ya kura. Mwaka 1949 chama chao, Electors' Union, kikatoa Mpango wa Kenya: Afrika Mashariki iwe dola chini ya uongozi wa Wazungu.

Jumapili tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Waafrika cha KAU (Kenya African Union) na chama cha Wahindi wakakutana katika ukumbi huo wa Kaloleni kuupinga mpango huo. Makhan Singh, mpiga chapa mzaliwa wa Punjab na katibu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyetusimulia mkutano huo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Kuupinga mpango tu hakukumtosha. Alisimama akataka azimio liongezwe: nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, tena mara moja. Fred Kubai, rais wa muungano huo wa wafanyakazi, akawa upande wake. Azimio likapita. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti vichache zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Serikali haikukawia. Tarehe 15 Mei wote wawili walikamatwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Wafanyakazi walidai viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Walidai na uhuru pia, katika orodha hiyo hiyo ya madai! Polisi walirusha gesi ya machozi na magari ya deraya yakazunguka mitaani, lakini mgomo ulidumu siku tisa.

Juni 1951 Kubai, aliyekuwa ameshaachiliwa, na mwenzake wa vyama vya wafanyakazi Bildad Kaggia waliwang'oa wanasiasa wa msimamo wa wastani wa kundi la Tom Mbotela katika tawi la KAU la Nairobi. Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na vita vya msituni vya Mau Mau vikaanza. Novemba mwaka huo Mbotela akauawa. Aprili 1954 msako wa jeshi la Waingereza ulioitwa Operesheni Anvil ukazingira Eastlands, maelfu wakapelekwa kizuizini.

Makhan Singh alizuiliwa kwa zaidi ya miaka 11, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, hadi Oktoba 1961. Kubai aliingia Bungeni mwaka 1963. Makhan Singh hakupewa wadhifa wowote serikalini hadi alipofariki mwaka 1973, na hilo ni deni ambalo Kenya haijalilipa.